Kitenzi Alichokikosea Baba Yako

Mwende mwanangu,

Hali yako siiulizi, kwa sababu leo asubuhi nimekuona ukinywa chai umesimama kando ya sinki, umenipa mgongo. Tangu Jumapili tumeishi hivyo, tukipishana mlangoni kama wapangaji wawili ambao hata majina hawajaulizana. Sasa umekwenda kusukwa nywele, nami namjua yule dada wa saluni, hakuachilii mapema. Sanduku lako liko wazi kitandani na sitaligusa. Mambo ya masweta, dawa na vyeti unayajua kuliko mimi. Safari hii umeipanga muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, nikilia utanyamaza, na ukinyamaza nami nitaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Tumeshafika hapo mara nyingi, wewe na mimi.

Nianze na Jumapili, maana ndipo kilipovunjika kitu.

Nilikuwa na furaha siku ile, Mwende. Nataka ujue hivyo. Niliamka mapema nikachambua mchele wa pilau, nikaazima viti kwa jirani, nikawapigia simu wamama wote wa kanisani hapa Waithaka. Nilivaa ile gauni ya kitenge tuliyoshonesha mimi na shangazi yako Rhoda, kitambaa kimoja, fundi mmoja. Pasta aliomba, tukala, kisha kila mtu akapewa nafasi ya kusema neno la kukuaga. Nilikuwa natoka jikoni na sinia la chai shangazi yako aliposimama.

"Mimi namshukuru Mungu sana," akasema. "Watoto wa wenyewe wakienda ng'ambo wanaenda kwa watu hawajulikani. Huyu wetu haendi kwa wageni. Daudi atamngoja hapo uwanja wa ndege, na chumba ashamtengenezea. Mtoto anaenda kwa baba yake. Bwana asifiwe!"

Wamama wachache wakaitikia amina. Halafu wakaniangalia usoni, na amina nyingine zikabaki kooni mwa wenyewe.

Miezi yote hii uliniambia kwamba huko Lyon, kwa Wafaransa, utakaa na familia ya kanisa inayopokea wanafunzi. Uliniambia mama wa nyumba hiyo anaitwa Claire, kwamba ni mpole, na anapenda vitu vya Kenya. Nikapanda gari hadi mjini nikamtafutia Claire kiondo, cha katani safi, chenye mkanda wa ngozi. Nilichagua rangi kwa kuwaza sebule ya mtu nisiyemjua. Pale niliposimama na sinia ndipo nilipojua Claire ni nani. Ni mke wa baba yako.

Nilikuangalia. Ulikuwa unatazama sakafu. Ungekuwa umeshtuka kama mimi, ningekimbia kukushika. Lakini hukushtuka.

Niligawa chai. Sijui kama unakumbuka, lakini niligawa chai yote, nikamuuliza kila mtu kama anatia sukari. Rhoda nilimpa ya kwake pia. Alikuwa ameshaelewa alichokifanya. Alidhani ulikuwa umeshaniambia. Nilikuja kujua baadaye kwamba ulimwahidi utaniambia wiki mbili kabla.

Wageni walipokwenda uliniambia, "Mama, ningekuambia ungenizuia."

"Nisingekuzuia."

"Ungelia."

"Ndiyo. Ningelia."

"Basi ni hiyo tu," ukasema. "Sikutaka kukuona ukilia juu yake tena." Na ukaingia chumbani ukafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Ndipo nikasema kwa sauti, ukiwa upande wa pili, kwamba uwanja wa ndege sitakuja. Najua ulisikia. Kiondo kile nilikitoa sandukuni jioni ile ile. Kesho yake nilikwenda nacho sokoni, na sasa kiko jikoni, kina vitunguu.

Hadithi ya baba yako sijawahi kukusimulia ikakamilika. Kila ulipouliza ukiwa mdogo nilikupa kijiko kimoja, tena cha uchungu, nikasema basi. Kwa hiyo nitakueleza sasa, hata kama naye ameshakueleza upande wake.

Tulikutana chuo kikuu, darasa la Kifaransa. Mimi nilitoka Machakos nikijua Kifaransa cha kitabuni tu, nasoma vizuri lakini mdomo hautaki kufunguka. Daudi alikuwa hana haya. Alikuwa akiongea Kifaransa na walinzi wa getini, ambao hawakuelewa neno, na wao walimpenda. Mchana tulikaa kwenye nyasi nyuma ya maktaba tukishindana vitenzi. Alipenda kujua neno limetoka wapi, mama yake ni nani, babu yake ni nani, vile wazee wa kwetu wanavyomuuliza kijana aliyekuja kuposa. Mengi alisoma. Mengine, nadhani, alikisia tu, na alikisia kwa sauti ile ile ya mtu anayejua.

Siku moja tulikuwa tunafanya kitenzi trahir, kusaliti. Akaniambia, "Hii ni rahisi, Nduku. Kwa Kilatini trahere ni kuburuta. Msaliti ni mtu anayekuburuta chini." Akanishika kifundo cha mguu akajifanya ananiburuta kwenye nyasi, nikapiga kelele, na mtunza maktaba akatokea dirishani kutufukuza. Niliamini. Baadaye nilipoanza kufundisha, niliwaambia wanafunzi wangu vivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Na Daudi alipotuacha, maelezo hayo yalinifaa zaidi, kwa sababu ndivyo nilivyojisikia. Kuburutwa.

Alikwenda kwa kazi ya mwaka mmoja, kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule moja huko kwa Wafaransa. Wewe ulikuwa bado unalala mchana. Uwanja wa ndege alikubeba mpaka dakika ya mwisho, na akasema, "Mwaka mmoja tu, Nduku, hata mtoto hatatambua." Mwaka ukawa miwili kwa sababu ya masomo, na miwili ikaendelea. Nami nilingoja. Usifikiri nilingoja kwa huzuni. Nilingoja nikiwa na mipango, nikinunua vitu vya nyumba ya watu watatu.

Alinipigia simu wiki ya shule kufunguliwa, nikiwa Mtaa wa Biashara nakununulia sare ya kwanza. Duka lilikuwa limejaa, wazazi wanasukumana kwenye kaunta. Akasema, "Nimepata mtu huku, Nduku. Sikutaka usikie kwa mwingine." Nikamjibu, "Niko dukani," kana kwamba ameniuliza niko wapi. Muuzaji naye ananiuliza, "Mama, sweta ni ya kijani ama ya bluu?" Nikasema bluu. Ilikuwa ya kijani. Ndiyo maana wiki yako ya kwanza shuleni ulikuwa peke yako na sweta ya bluu, ukarudi nyumbani umenikasirikia, nami sikuweza kukueleza.

Siku zile ndipo nilipolifunga jina lake nje ya nyumba. Nilichoma picha. Nilimwambia kila mtu, hata mama yangu, kwamba anayetaka kumtaja Daudi amtajie kwake, si kwangu. Nilidhani nafunga jeraha. Ulipokuwa darasa la pili mliambiwa mchore familia, nawe ukachora watu watatu: mimi, wewe na shangazi Rhoda. Nilifurahi mno, nikaibandika ile picha ukutani juu ya meza ya chakula. Kwa miaka mingi niliiangalia kama ushahidi kwamba tumepona. Wiki hii nimeiangalia upya. Naona mtoto aliyejua kitu gani mama yake anaweza kuvumilia na kitu gani hawezi, na akachora kinachovumilika. Kuficha ulijifunza hapa kwangu, Mwende, na mwalimu nilikuwa mimi. Nikisema hivyo sikuondolei lawama. Vyote viwili ni kweli na sijui nivifanyeje.

Rhoda sasa. Hapa ndipo panaponiuma hata nikiandika.

Wengine wa ukoo wa baba yako walipoanza kunikwepa, Rhoda alikuja. Alikuja na unga na sukari, akakaa, akamtukana kaka yake kwa Kikamba mpaka nikacheka. Alipopata kazi ya upishi katika nyumba ile ya Kitisuru na kupewa chumba chake nyuma ya bustani, alisema, "Jumamosi ukienda kufundisha uniletee huyo mtoto. Huku kuna nyasi na miti, hatasumbuka." Nikakuleta. Kila Jumamosi nilikuleta mwenyewe, nikakushika mkono kutoka barabarani mpaka kwenye lango, nikakukabidhi, kisha nikashuka Parklands kwa darasa langu nikiwa na moyo mtulivu. Ulipokua ukaweza kwenda peke yako, bado nilipenda kukusindikiza. Nilisema moyoni, angalau mtu mmoja wa upande ule ni wangu.

Jumanne wiki hii nilikwenda kufundisha ingawa kichwa kilikuwa kinauma. Unalijua darasa langu la watu wazima, pale juu ya duka la dawa. Yule Bi Hansa niliyekusimulia, mfamasia mstaafu ambaye wajukuu wake wako Montreal, alikuwa anasoma sentensi kwenye zoezi: huyu amemsaliti rafiki yake. Akasimama hapo na miwani puani.

"Mwalimu, hii trahir inatoka wapi? Ni kama hii ingine ya kuvuta?"

Nilifungua mdomo kumjibu kama kawaida. Kuburuta, nilitaka kusema. Nilisikia Daudi akiongea mdomoni mwangu, kwenye nyasi zile, na sikuweza kumwazima mdomo wangu tena. Nikawaambia wanipe mapumziko ya chai nitazame vizuri, nikaenda kwenye ile kamusi kubwa ya asili ya maneno inayokaa ofisini bila kufunguliwa.

Alikuwa amekosea, Mwende. Trahere ya kuburuta ipo kweli, na inafanana na trahir kama pacha, lakini hazina undugu. Trahir imetokana na tradere. Sehemu ya kwanza ni ng'ambo, upande wa pili. Sehemu ya pili ni dare, kupa. Kwa hiyo ni kupitisha kitu kwa mkono hadi upande wa pili. Kukabidhi. Kwa muda mrefu vinywa vya watu viliisaga ile d ya katikati mpaka ikapotea, wakabaki na a na i zilizosimama pamoja, na waandishi baadaye wakatia h kati yao ili zisisomwe kama sauti moja. Hiyo h haitamkwi. Imewekwa hapo kuwatenganisha wawili tu.

Nitakuambia ukweli wa aibu: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilipiga meza kwa kiganja. Miaka yote hii, na huyu bwana hakujua! Nilitamani kumpata mtu wa kumwambia.

Kisha nikaendelea kusoma na furaha ikaisha. Tradere hiyo hiyo ndiyo iliyozaa neno lao la mila, tradition, yale ambayo bibi anampa mama na mama anampa mtoto. Neno moja tu. Wakristo wa zamani huku Afrika, kaskazini, walipoteswa, wapo waliowapa askari vitabu vitakatifu vikachomwe, na wenzao wakawaita traditores, wakabidhi. Neno lililo ndugu yake wa karibu kabisa ndilo Wafaransa wanalomwitia msaliti hadi leo. Na maneno yale tunayosomewa kanisani kabla ya kushiriki meza ya Bwana, ambapo mtume anasema amewapa watu kile alichopokea, na papo hapo anataja usiku ambao Yesu alitolewa: katika Kilatini ni kitenzi hicho hicho mara mbili, pumzi moja. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote.

Niliporudi darasani niliwaeleza, na nikasema ile dare ina mizizi ya kale zaidi, ina ndugu Ugiriki na India. Bi Hansa akaweka kalamu chini.

"India? Ni ile da yetu? Dan?"

"Dan ni nini, Bi Hansa?"

"Zawadi. Ukipeleka chakula hekaluni, ama ukipea mtu bila kungoja irudi. Hiyo ni dan." Akafikiri kidogo. "Sasa hawa Wafaransa wameenda kuifanya nini hii neno?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilijifanya nafuta ubao.

Unaelewa kilichonipata? Siku zote nilijihesabu mtu aliyeburutwa, mtu aliyekamatwa mguu na hakuwa na la kufanya. Sasa nilikuwa nawaona watu wawili kwenye lango la Kitisuru, na mkono wako ukitoka kwenye mkono wangu ukiingia kwenye wa Rhoda, na Rhoda akikupitisha mbele zaidi, na hakuna aliyeburuta mtu. Kila mmoja alikuwa anapeana kwa upole. Ilinichoma zaidi kuliko kuburutwa.

Jana nikamfuata Rhoda. Waajiri wake hawakuwepo, akanifungulia lango mwenyewe. Alikuwa na unga mikononi.

"Karibu, wifi. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nataka kujua ilianza lini."

Alijifuta mikono kwenye aproni muda mrefu. "Akiwa darasa la nane. Aliniuliza mwenyewe, hapo kwa hiyo ngazi. Aliniuliza, shangazi, baba yangu ana sauti gani?"

Niliiangalia ile ngazi.

"Sasa mimi ningefanya nini, Nduku? Ningemwigia? Nikapigia Daudi, nikampa mtoto simu. Nilidhani ni ile siku tu."

"Ungeniambia."

"Nikuambie aje? Kwako hata jina ya Daudi haiingii. Siku ya matanga ya mama yetu ulikataa kusimama kwa picha juu ya vile Daudi alikuwa ametuma maua. Maua, Nduku!"

"Nilikuwa nakuletea mtoto wangu kwa mkono. Kila Jumamosi. Halafu unakuja kwangu unamtukana Daudi nikiwa hapo, nacheka, na asubuhi ulikuwa naye kwa simu."

"Nilikuwa namtukana hata kwa simu," akasema, na akaanza kulia. "Nilimpa baba yake. Sikumpa mtu wa barabarani."

"Hakuwa wako wa kupeana."

Alikaa kwenye ngazi, ngazi ile uliyofanyia hesabu zako ukiwa mdogo, akalia na unga ukimshika usoni. Mimi sikulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mwenye haki mbele ya mtu, haki kamili, hakuna wa kunipinga, na nilisimama pale nikaona haina utamu wowote. Mtu niliyezoea kumkimbilia mambo yakiniharibikia alikuwa ndiye huyo kwenye ngazi. Sikumkumbatia. Lakini sikuondoka haraka pia. Mwishowe nikamwambia, "Nipe namba yake."

"Ya Daudi? Unataka kumfanya nini?"

"Nipe tu."

Leo, ulipotoka kwenda saluni, nilimpigia. Nilikaa kwenye kiti chako pale mezani nikapiga kabla sijajipa nafasi ya kufikiri.

Sauti imezeeka, ila ni ile ile. Nikasema, "Ni Nduku," na nikaendelea kwa Kifaransa, sijui kwa nini. Labda nilitaka asikie kwamba sijasahau, kwamba ninaongea vizuri sasa kuliko zamani. Yeye akanijibu kwa Kikamba.

"Mwende ako salama?" Hilo ndilo neno lake la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote.

"Ako salama. Anasukwa."

Kisha nikamwambia, usinicheke, "Trahir haitoki kwa kuburuta. Ulinifundisha vibaya."

"Nini?"

"Inatoka kwa tradere. Nimeangalia kwenye kamusi. Watoto wa watu nimewadanganya miaka yote kwa ajili yako."

Alicheka kidogo, kisha akasema, "Nduku, nisamehe."

"Sikupiga kwa hilo. Chukua kalamu."

Nikamwambia mambo yako, Mwende. Nilimwambia kwamba baridi inakukaba kifua na wewe hutasema, utakohoa tu chini ya blanketi. Kwamba mayai huwezi hata kunusa. Kwamba ukinyamaza hujakasirika, umeogopa, na mtu asikusemeshe papo hapo, akae tu karibu. Kwamba ukicheka sana mbele ya wageni, hapo ndipo unapokuwa na huzuni. Nilisikia akiandika. Akaniambia, "Pole pole kidogo," nami nikapunguza mwendo, mwalimu ni mwalimu. Yapo mengine niliyaanza nikayaacha. Nilipenda abaki na kazi ya kukujua mwenyewe.

Nilipokuwa namaliza nikasikia sauti ya mtoto nyuma yake ikimwita papa. Nikauliza. Akasema, "Mwende hakukuambia?"

Kwa hiyo una ndugu mdogo huko. Na hilo pia ulilijua. Nilikata simu kwa adabu, nikakaa pale mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimedhani nimeshafika sakafuni, kumbe kulikuwa na ngazi nyingine.

Nisingependa uondoke ukidhani yameisha. Hayajaisha. Sijakusamehe bado, na usiniharakishe. Wala usije ukanunua vitu vya kuniletea. Najua pia kwamba hukufanya ubaya wa kutaka kuniumiza. Ulitaka sauti ya baba yako, na mlango wa kupitia kwangu ulikuwa umefungwa na mimi mwenyewe, ukapita dirishani. Ningekuwa wewe labda ningepita pale pale. Lakini mimi ni mimi, na ni mimi niliyekuwa nimesimama na sinia.

Unapenda kuuliza nitakuwaje nikibaki peke yangu. Nitakuwa na hasira kwa muda, kisha nitakuwa na upweke, kisha nitapata la kufanya. Rhoda atakuja siku moja bila kualikwa, akiwa na unga na sukari. Sijui kama nitamfungulia siku hiyo ya kwanza. Huenda nikamfungulia ya pili. Nilimwona Daudi akienda nikajenga ukuta, na wewe ndiye uliyeishi ndani yake. Sitajenga mwingine, nimechoka, na mikono yangu haina nguvu tena ya mambo hayo.

Ile picha ya familia nimeitoa ukutani. Usishtuke ukiikosa. Haijachomwa, iko katikati ya kamusi yako ya Kifaransa. Ukitaka, muulize huyo mdogo wako akusaidie kuongeza waliobaki, na ukiona inakushinda iache kama ilivyo.

Kesho nitakuja uwanja wa ndege. Shangazi yako pia nimemwambia aje. Hatutaongea sana, mimi na yeye, kwa hiyo usihangaike kutuchekesha. Nitakubebea lile begi dogo mpaka pale wasipoturuhusu kupita, na hapo nitakuachia mkono mwenyewe, macho yangu yakiona unakokwenda.

Nina ombi moja. Ukifika, nipigie. Usijifungie bafuni, usitoke nje barabarani kwenye baridi, usinong'one kama unayeiba. Nipigie mkiwa mezani, wote wanakula, baba yako anasikia, Claire anasikia, mtoto anauliza ni nani huyo. Na umjibu kwa sauti.

Mimi hapa,
mama yako